Mfungwa Asiye na Kosa: Picha ya Colonie Belge na Namna Yetu ya Kuona Uhalifu

Watu wa umri wetu, waliokomalia Kenya, Katuba, Kamalondo ao Ruashi, wanaijua picha ile hata wakifunga macho. Ilitundikwa mu salon ya baba ao ya mjomba, juu ya kiti kikubwa, pahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Kuna nyumba ya gereza na bendera ya Ubelgiji. Mzungu amesimama, kofia ngumu kichwani, kiko mdomoni. Polisi mweusi ameinua fimbo. Chini, mtu amelala kifudifudi, suruali imeshushwa. Wafungwa wengine, wenye mavazi ya manjano na mistari myeusi, wanapita na ndoo zao wakijifanya hawaoni. Wanawake wamesimama pembeni. Mchoraji ameandika kwa herufi kubwa: Colonie Belge, na mara nyingi ameongeza miaka, 1885–1959.

Tumeombwa kusema katika kijitabu hiki juu ya uhalifu: unatoka wapi, una sura gani, na unafanya nini katika maisha ya watu wa mji. Wengine wangeanza na vitabu vya sosiolojia. Sisi tumependa kuanza na picha hii, sababu watu wa Lubumbashi hawakujifunza maana ya kosa na adhabu katika vitabu. Wamejifunza ukutani, redioni, na barabarani.

Basi tuulize swali dogo ambalo katika mazungumzo mengi juu ya picha hii hatukulisikia: yule anayepigwa, alifanya nini?

Angalieni vizuri. Mchoraji ametuonyesha kila kitu. Ametuonyesha nani anaamuru, nani anapiga, nani anapigwa, nani analia, na bendera ya nani iko juu. Ila kosa haliko. Hakuna kuku aliyeibwa, hakuna kisu, hakuna mtu aliyeumizwa anayedai haki yake. Picha inayojulikana kuliko zote za adhabu mu mji wetu haina kosa ndani yake.

Siku moja tulileta nakala ya picha hiyo darasani, wanafunzi wa mwaka wa tano, tukawapa swali hilo waandike mistari kumi. Majibu yalikuja ya kila namna. «Aliiba kuku wa Mzungu.» «Hakulipa kodi.» «Alitoroka kazi.» «Hana kosa, Mwalimu, ni Mweusi tu.» Mmoja, kijana wa nyuma ambaye haandiki sana, aliweka mistari miwili tu: «Hata kama alifanya, iko nini? Wanamupiga tu.» Tulimpa alama nzuri, na wenzake walinung'unika.

Jibu lake ndilo jibu la picha. Na kwa wakati ule lilikuwa jibu la kweli. Élisabethville iliundwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mtu mweusi aliingia humo kama mkono wa kazi, si kama mwenye mji. Mambo yaliyompeleka mu buloko yalikuwa mengi ambayo kijijini kwake yasingeitwa makosa: kukosa kazini, kukosa kulipa kodi, kuonekana usiku mu mji wa Wazungu bila karatasi, kupika lutuku. Mama aliyepika lutuku nyuma ya nyumba alisomesha watoto kwa chupa zile. Sheria ilimwita mhalifu, jirani zake walimwita mama wa fulani, nao walikuwa wateja wake. Hata kitabu cha sheria ya adhabu kinachotuhukumu mpaka leo kilitoka katika amri ya 30 Januari 1940, iliyoandikwa na Wabelgiji, na ingawa kimerekebishwa mara nyingi, mifupa yake ni ile ile.

Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara. Waliitwa kwenye uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, alikuwa kati ya waliouawa. Kwa macho ya sheria ya siku ile, mgomo wao ndio ulikuwa kosa. Watu wazima wa mji waliyaona hayo, ao waliyasikia kwa baba zao, nao walipomnunua mfungwa wa manjano na kumtundika ukutani, hawakuwa na haja ya kuuliza alifanya nini. Walijua kwamba kosa kubwa zaidi katika ile picha lilivaa kofia ngumu.

Yafaa tumkumbuke Tshibumba Kanda Matulu, sababu kati ya wachoraji wote wa aina hii ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Alizaliwa hapa mwaka 1947, wazazi wake wakitoka Kasai. Miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa kwenye chuo kikuu, historia nzima ya nchi katika picha 101, na kwa kila picha akasema kwa Kiswahili chetu cha Katanga maneno yake. Picha hizo ziko Uholanzi sasa, na maneno yake yalitoka katika kitabu mwaka 1996. Mwenyewe alipotelea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyemwona tena. Tshibumba alichora Colonie Belge nyingi ili apate kula, vile wenzake walifanya. Lakini alipopewa nafasi, hakuishia kwenye fimbo. Alichora pia Desemba 1941. Pale kosa linaonekana: watu wamekusanyika, bunduki zimeelekezwa kwao, mahali panajulikana, mwaka umeandikwa. Aliita picha zake historia, na tunafikiri alikuwa na haki, sababu historia inaanza pale mtu anaposema nani alimfanyia nani nini.

Sasa tuje ku maneno yetu, maana hatuandiki ili kusifu tu. Wabelgiji waliondoka mwaka 1960. Picha ilibaki, na pamoja nayo ilibaki namna ya kutazama. Tuliizoea adhabu bila kuuliza kosa. Mtu akikamatwa na polisi, moyo wetu wa kwanza unasema: ameonewa. Mtu akikamatwa na kundi la watu barabarani, moyo ule ule unasema: wamuchome. Mara mbili hatuulizi alichukua nini, kwa nani, na kwa nini. Mioyo hii miwili inaonekana kama maadui, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Sikilizeni lugha yetu. Tuna maneno mawili kwa kitendo kimoja. Kijana anayechukua simu mu soko, huyo *anaiba*, ni mwivi. Mkubwa wa ofisi anayechukua mishahara ya walimu ya miezi mitatu, huyo *anakula*. Tumesikia mtu na heshima zake akisema juu ya mkubwa wa namna hiyo: «Ule haiko mwivi, anakulaka tu ku kazi yake.» Sentensi hiyo, kwa maoni yetu, ina sosiolojia nyingi kuliko vitabu vinene. Mwivi ni yule anayetoka nje na kuingia ndani ya boma. Anayekula amekwisha kuwa ndani, sahani ni yake, lawama moja tu tuliyo nayo juu yake ni kwamba hagawi. Akigawa kidogo, akalipa kilio cha jirani na kununua maturubai ya harusi, tunamwita mtu mwema. Kati ya hao wawili kuna wengi wetu, watu wa «article 15», yaani jitafutie mwenyewe, ambao wanasemea kwamba neno hilo lilitoka katika katiba ya Kasai ya Kusini ya wakati wa kujitenga. Kujitafutia si kuiba, si kula. Lakini mpaka wake hakuna anayeweza kukuonyesha.

Zamani mji ulikuwa na hadithi ya batumbula. Wazee walisema kuna watu wanaokamata watu weusi usiku, wanawanenepesha, wanawageuza nguruwe, na Wazungu wanawala. Watoto tuliogopeshwa nayo ili tusitembee giza likiingia. Wasomi wengine wanaicheka. Sisi tunaona hadithi ile ilijua jambo ambalo Colonie Belge haikusema: kwamba kuna uhalifu unaotoka juu, kwamba unafanywa na mikono ya watu wetu wenyewe waliolipwa, na kwamba neno lake ni lile lile, *kula*.

Na michezo ya kuigiza je? Kundi la Mufwankolo limechekesha mji huu miaka mingi, redioni kwanza, kisha kwenye televisheni, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. Michezo yao ilikuwa ya mambo ya nyumbani: bwana anayekunywa mshahara, bibi anayeficha pesa, mtoto asiyesikia, jamaa wa kijijini anayekuja kukaa siku mbili akamaliza miezi sita. Hapo, tofauti na picha, mkosaji ana jina, ana mke, ana madeni, na tena ana ulimi. Anajitetea mpaka tunacheka naye. Mwisho anahukumiwa mbele ya watu anaokutana nao kesho kisimani. Uhalifu wa Mufwankolo ni mdogo, lakini ni uhalifu wa mtu. Tungependa wachoraji wetu wangejifunza kwao.

Wengine watasema: mwaona, ndiyo desturi yetu, kijijini chifu alihukumu vizuri, mwizi alilipa mbuzi na mambo yakaisha. Tusidanganyane. Kulipa na kupatana kulikuwako, na bado kuko, na ni jambo zuri. Lakini wageni waliofika Bunkeya mwaka 1891 waliandika juu ya vichwa vya watu vilivyochomekwa kwenye miti ya boma la Msiri. Desturi ilikuwa na mbuzi na ilikuwa na miti ile. Anayetaka kutuletea desturi aseme kwanza analeta ipi.

Juu ya sababu za uhalifu, jibu tunalosikia kila siku ni moja: umaskini, tangu Gécamines ilipoanguka. Ni kweli kwamba ilianguka. Miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 2003 haikufika hata 20000. Mwaka ule ule wafanyakazi zaidi ya 10000 walipewa pesa kidogo na kuambiwa waende, jambo lililoitwa «kuondoka kwa hiari», hiari ambayo sisi hatukuiona. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu chetu alitoa mwaka 2001 kitabu kinachowaita wana wa Shaba watoto walioachwa na baba yao. Jina hilo linaeleza mengi. Kampuni ilitoa nyumba, unga, shule, hospitali, na hata adhabu. Mkubwa wa kambi, Bwana Changa-Changa, alikuwa baba juu ya baba. Alipoondoka, baba wa nyumbani alibaki na kiti bila neno. Mwana alianza kuleta chakula jioni, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumuuliza: «Umekitosha wapi?»

Hapo ndipo tunaona sababu, kuliko katika njaa yenyewe. Maana njaa iliingia nyumba zote, na nyumba nyingi hazikuzaa mwivi. Watu walilima kando ya mji, walichoma makala, wamama walipanda lori za Kasumbalesa kufuata unga, vijana walishuka mashimoni kuchimba. Kusema kwamba umaskini ndio mama wa uhalifu ni kuwatukana maskini hao wote. Tazameni pia aina ya uhalifu unaotutisha kweli usiku: watu wenye bunduki, mara nyingine na mavazi ya askari, wanaovunja mlango na kuita mwenye nyumba kwa jina. Bunduki haitoki katika sufuria tupu. Inatoka mahali pa serikali, kwa askari asiyelipwa ao kwa mkubwa wake, na swali la nani ameikodisha halijibiwi kwa kumlaumu mtoto wa Katuba.

Tena kuna uhalifu ambao hatuuiti kwa jina hilo. Oktoba 1991 askari walianza kupora mji, na watu wakafuata. Friji, magodoro, mabati, hata milango ilibebwa mchana, na majirani walisaidiana kubeba. Kisha ulikuja mwaka 1992, na 1993, wakati wa gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walipoitwa «bilulu», wadudu, wakafukuzwa nyumbani mwao hapa, na zaidi Likasi na Kolwezi. Walirundikana kwenye vituo vya gari la moshi, mamia kwa maelfu, wengi walikufa njiani, na nyumba zao zikapata wenyeji wapya. Walikuwa watu kama wazazi wa Tshibumba. Katika salon zote tulizoingia hatujaona picha ya kituo cha Likasi. Mchoraji aliyeweza kuichora alikwisha kupotea miaka kumi mbele, na hao waliobaki wana wateja, na wateja wengine wanakaa katika nyumba zile.

Kasapa, gereza letu kubwa, linaonyesha namna vipimo vyetu vimepinda. Machi 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Gédéon Kyungu Mutanga kifo kwa makosa dhidi ya binadamu aliyoyafanya kaskazini ya mkoa, kule Mitwaba ambako vijiji viliteketea. Tarehe 7 Septemba 2011, mchana, watu wenye silaha walivamia Kasapa, akatoka yeye na wafungwa wengine karibu 1000. Oktoba 2016 alijitoa porini, akapokelewa mbele ya wakubwa wa serikali na wapiga picha, akapewa nyumba hapa mjini, mpaka alipotoroka tena Machi 2020. Miaka hiyo yote, ndani ya Kasapa walibaki watu waliongojea kusikilizwa kwa ajili ya baiskeli.

Mwezi wa Septemba 2020, wafungwa waliasi na kushika gereza siku tatu. Wanawake waliofungwa humo, makumi, walibakwa siku hizo. Walikuwa chini ya ulinzi wa serikali, katika nyumba ya serikali. Wengi wao hawakuwa wamehukumiwa bado. Hapa kuna wafungwa, kuna kosa, kuna mkosaji, na kuna mlinzi aliyekosa kulinda. Picha nzima ya Colonie Belge iko pale, ila wenye kupigwa si wale tunaowajua ukutani.

Tufike sasa ku jambo lililotusukuma kuandika. Miaka michache iliyopita, mu kartie yetu, kijana alikamatwa alfajiri. «Mwivi! Mwivi!» Tulipofika, tairi ilikuwa imekwisha kuwaka. Walimu wawili na katekista mmoja tulijaribu kusema, hatukusikiwa. Polisi walikuja jua likiwa juu. Saa nne hivi alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, kitenge kimefungwa vibaya, akasimama pale peusi, akauliza watu waliokuwako: «Aliibaka nini?» Mmoja alisema simu. Mwingine alisema hapana, ni betri ya gari. Wa tatu alisema ni kundi lao lililovunja duka wiki iliyopita. Mwenye simu hakuonekana, mwenye betri hakuonekana. Mama aliuliza tena mara mbili, kwa sauti ile ile, kisha watu walianza kwenda sokoni.

Kijana huyo hakuwa lazima mtu safi. Hatujui, na hakuna atakayejua, na hilo ndilo lililochomwa pamoja naye. Duka lilikuwa limevunjwa kweli, na mwenye duka, mtu wa watoto sita, hakurudishiwa hata sanduku moja la sabuni. Kundi la watu lilimwacha na hasara yake, likaenda. Mahakama ingeuliza: nani mwenzako, mali iko wapi, nani ananunua? Sababu kuna anayenunua, na duka lake tunalijua wote. Tairi haiulizi maswali hayo. Ndiyo maana tunafikiri kuna watu wenye faida kubwa mwivi mdogo akichomwa haraka.

Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba hukumu ya kifo, iliyosimamishwa tangu 2003, inaweza kutekelezwa tena. Wengi mu mji walishangilia. Tuliwauliza baadhi yao ni kwa makosa gani. Walijibu kwa uso, si kwa maneno.

Juzi tulimtembelea mchoraji mmoja wa Katuba, ambaye siku hizi anaishi kwa kuandika vibao vya saluni na vya maduka ya simu. Colonie Belge anaichora bado, mgeni kutoka Ulaya akiagiza. Tulimwomba atuchoree mambo ya alfajiri ile: tairi, watu, mama, na mwenye duka amesimama mlangoni. Alifikiri kwa muda. «Mwalimu,» akasema, «nani atatundika ile mu salon?» Tukamwambia haitakwenda salon, itakwenda darasani. Akauliza mama avae kitenge cha rangi gani, tukamwambia. Akauliza ku mikono ya kijana aweke nini, simu ao betri. Tulimwambia aache mikono wazi, na nyuma, kwa udogo, achore duka la yule anayenunua, na kibao chake. Kwa hilo la mwisho alicheka, akasema bei itapanda.